Majina Arobaini na Moja

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Muuza dagaa akinipimia, macho yangu yako kwenye kidole chake, si kwenye mizani. Mtu akiniamkia kwa upole uliozidi, najiuliza anataka nini. Ofisini walikwishanizoea. Walisema Mbak Murni, yaani Dada Murni, hata chai huinusa kabla ya kuuliza nani kaipika. Nilicheka nao, maana katika kazi yetu ya kuandika msimbo wa tovuti anayeshuku ndiye anayelala usingizi mzuri. Ninalolieleza hapa ni la wiki moja niliyoshuku kwa bidii kuliko wiki zote za maisha yangu, na sitajipunguzia hata tone.

Kampuni yetu ina watu saba, ghorofa ya juu ya duka la kufua nguo kwa kilo, nje kidogo ya mji wa Solo, Java. Soko la Wonosekar lilikuwa limeungua na kujengwa upya, na halmashauri ikatupa kazi ya kuandikisha wachuuzi waliokuwa na vibanda kabla ya moto, kisha kuyatundika majina yao kwenye ukurasa wa tovuti. Masharti yalikuwa mafupi. Orodha inatoka Jumatatu. Mwenye jina anakuja na kitambulisho, anapigwa picha, anatia kidole gumba kwenye karatasi. Ijumaa saa tano asubuhi, kabla watu hawajaenda msikitini, afisa anafunga jalada. Asiyekuwamo kwenye orodha, au aliyemo na hakutia kidole, kibanda chake anapewa mwingine.

Bude Wagirah, dada mkubwa wa mama, alikuwa na kibanda katika soko lile kwa miaka thelathini na minne. Anauza maua ya makaburini: waridi, yasmini, kilua, na majani ya mpandani yaliyokatwa nyembamba. Mimi nimelelewa na maua hayo. Karo ya shule, nguo za sikukuu, kompyuta yangu ya kwanza, vyote vilitoka kwenye ungo wake. Tangu moto alikuwa anauzia chini ya turubai uwanjani, jua linayanyausha maua kabla ya adhuhuri, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kukataa kukunjika. Kile kibanda kipya, chenye paa na kivuli, ndicho alichokuwa amebakiza kukitaka duniani.

Kazi yangu mimi ilikuwa ukurasa wenyewe. Majina yanakaa kwenye hazina ya data ndani ya seva. Msimbo wangu unayachukua moja moja, unalivisha kila jina alama zake za HTML, kisha unayapanga kwa makundi: wa maua, wa viungo, wa vitambaa, na kadhalika. Namba za kando siziandiki mimi. Nikishasema tu kwamba hii ni orodha ya namba, simu ya msomaji inahesabu yenyewe vile vipengele ilivyoletewa, moja mpaka mwisho. Hata ile jumla ya juu ya ukurasa inatokana na kuvihesabu hivyo hivyo vilivyochorwa. Ni kazi ya mtu aliyeanza juzi, na wala sikuiandika upya. Nilichukua kipande nilichokuwa nimekiandika miaka mitatu nyuma kwa mteja mmoja wa Australia mwenye hoteli, nikakibandika, nikakijaribu kwa majina ya zamani ya wafanyakazi wa hoteli yake. Orodha ikatoka imenyooka. Nikaenda kula.

Jumatatu jioni Bude alirudi nyumbani, akavua kandambili mlangoni, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Nduk, mwanangu, mimi nimekufa?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwenye simu ya Tumini, jirani yangu wa sokoni, wapo wauza maua wote. Hata yule wa Boyolali anayekuja mara moja kwa wiki yumo. Mimi simo."

Nikafungua ukurasa. Kundi la maua lilikuwa na watu kumi na tisa, namba moja hadi kumi na tisa, hakuna pengo, hakuna doa. Lilikuwa limefungana sawasawa, kama halijawahi kumhitaji Bude hata siku moja. Nilisikia damu ikipanda kichwani. Mtu ameondolewa, nikawaza, na aliyemwondoa ameziba na nyayo zake.

Mtu mmoja tu ofisini alikuwa na funguo za hazina ya data: Seto Wibisana, mtunza seva. Ni mtu mkimya, wa kufuta miwani yake kabla ya kukujibu hata ukimuuliza saa. Miaka minne tulikaa meza zinazoangaliana na sikuwahi kujua anapenda nini. Watu wa namna hiyo mimi hunitia wasiwasi.

Jumanne asubuhi nilimsimamia mezani. Akafuta miwani. Akasema wamo wote, watu mia nne sitini na wanane, anawaona pale pale. Nikamwambia ukurasani wako mia nne ishirini na saba.

"Tazama upande wako, Mbak," akasema. "Au vuta kiti, kaa hapa, nikuonyeshe."

Upande wangu! Mimi, niliyekijaribu kile kipande kwa majina mia mbili bila kukosa hata moja. Nilimjibu kwamba sina haja ya kuonyeshwa nilichotayarishiwa. Alinitazama, akarudisha macho kwenye skrini yake, na mimi nikauhesabu ule unyamavu kama ushahidi.

Mchana ule wachuuzi walikuja na karatasi. Walikuwa wamekusanya majina ya wote waliokosekana, arobaini na moja, na aliyeileta ni Mbah Paiman, mzee wa vizimba vya ndege, ambaye naye hakuwamo. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo ya mianzi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba anaogopa kukichafua, akaniomba nitazame kwa hisani yangu. Nilitazama. Kisha nikafungua jedwali la zamu za uandikishaji, maana wiki mbili nyuma wenzangu wawili walikaa sokoni siku tatu na meza mbili, Nining meza moja na Seto ya pili. Nikalinganisha jina kwa jina.

Wote arobaini na mmoja walipita meza ya Seto. Kutoka kwa Nining hakukosekana hata mmoja.

Hapo sikuhitaji tena kuambiwa kitu. Na bado mambo yakazidi kujileta yenyewe. Nining aliniambia, bila mimi kumchimba sana, kwamba amemwona Seto mara mbili kwenye kibanda cha wali wa pecel na msimamizi wa mkandarasi wa soko, wanakula na kuchekeana. Seto, ambaye hacheki! Nikaunganisha: vibanda arobaini na kimoja vinabaki wazi, mkandarasi ana watu wake wa kuwapa, mtunza seva ana funguo. Ilikaa vizuri mno. Ningekuwa na akili timamu siku ile, huko kukaa vizuri kungenishtua.

Jumatano nilikwenda sokoni kumwona Pak Giyarto, muuza batiki, ambaye ndiye mwenyekiti wa wachuuzi. Nilimpeleka nyuma ya turubai na kumwambia kwa sauti ya chini. Sikusema nadhani. Sikusema huenda. Nilisema majina yameondolewa kwa mkono wa mtu, na mtu huyo ni yule mwenye miwani. Pak Giyarto aliniuliza kama nina hakika, nami nikamwambia kazi hii nimeifanya miaka kumi na miwili. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kabla sijafika kwenye pikipiki yangu habari ilikuwa imefika kwa wauza viungo.

Usiku wa kuamkia Alhamisi nilimweleza Bude, nikitegemea atafurahi kwamba mwizi amejulikana. Aliacha kutafuna tempe.

"Yule mwenye miwani? Hapana, Nduk. Yule ndiye aliyeniuliza vizuri. Kaniuliza jina, nikasema Wagirah. Kaniuliza la pili, nikamwambia mama yangu aliona moja linatosha. Akatabasamu, akaliandika kama nilivyolisema. Yule msichana wa meza nyingine ndiye aliyemwandika Tumini kuwa Tumini Tumini, kama anamwita ng'ambo ya mto."

Nikamwambia wezi wote huwa na adabu, la sivyo wangeiba vipi. Jibu zima lilikuwa limekwishawekwa mbele yangu, pamoja na tempe na sambali, nami nikaondoa sahani.

Alhamisi saa nne bosi wetu, Pak Darsono, aliitisha kikao. Pak Giyarto alikuja na Mbah Paiman na wachuuzi wengine wawili, wamevaa mashati ya batiki ya arusini. Mimi ndiye niliyeomba daftari la mabadiliko lifunguliwe kwenye skrini kubwa ya ukutani. Katika kazi yetu kila mstari wa msimbo na kila badiliko la data hubaki na jina la aliyeliandika na tarehe yake, na hakuna anayeweza kulifuta bila kuacha alama. Nilitaka watu wote waione alama ya Seto.

Pak Darsono alianza na hazina ya data. Walioongezwa: mia nne sitini na wanane. Waliofutwa: hakuna. Aliisoma kwa sauti, mara mbili. Nikasema basi kuna hila nyingine, tuendelee. Seto alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani, hajasema neno tangu tuanze. Sasa akaomba, kwa heshima, kifunguliwe kile kipande kinachochora orodha.

Kikafunguliwa. Mistari ishirini na miwili. Wa tisa ulisema, kwa lugha ya mashine, kwamba kama kisanduku cha jina la pili ni kitupu, mruke mtu huyo, nenda kwa anayefuata. Kando ya mstari kulikuwa na tarehe ya miaka mitatu iliyopita, na jina la mwandishi. Murniati.

Nikaukumbuka wote kwa mara moja, hata mchana niliouandika. Kule hotelini fomu isiyo na jina la pili ilikuwa ni fomu ambayo mtu aliianza akaiacha njiani, uchafu tu, na mteja alitaka isionekane. Kwa hoteli ile mstari ulikuwa sahihi. Lakini wazee wetu wengi wana jina moja, kama mimi mwenyewe. Na kwa kuwa fomu za wageni hazitutaki hivyo tulivyo, tumezoea kuzidanganya: tunatia nukta, tunatia kistari, tunarudia jina lile lile, wala hatuoni kama ni uongo. Mimi kwenye pasipoti ni Murniati Murniati. Nining naye alifanya hivyo kwa kila mwenye jina moja aliyefika mezani kwake, ndiyo maana watu wake wote walipita. Seto hakumtungia mtu jina. Mwenye moja alimwandikia moja, kisanduku cha pili akakiacha wazi. Wale aliowaandika kwa ukweli ndio hao ambao msimbo wangu uliwameza, na namba zikajipanga upya juu yao kana kwamba hawakuzaliwa.

Uso ulinishuka. Sikumtazama Seto. Niliufuta mstari wa tisa, nikapeleka mabadiliko kwenye seva, Pak Darsono akaufungua ukurasa upya. Mia nne sitini na nane. Kundi la maua, namba kumi na nne: Wagirah.

Pak Giyarto alisimama. Alikuwa haelewi hata herufi moja ya yale yaliyokuwa ukutani, na mimi sikuwa nimemweleza. Alichokiona yeye ni kwamba kikao kimeitishwa, mtuhumiwa amekaa kimya, na majina yamerudi.

"Ameona moto umemfikia," akasema. "Ahsante, Mbak Murni."

"Pak, hapana," nikasema. "Kosa ni langu. Mstari huu niliuandika mimi. Mas Seto hana kosa lolote."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma kabisa, na wenzake nao wakatikisa. Nilijua maana yake, kwa sababu na mimi nimelelewa Java. Kwetu mtu mwenye malezi hamwaibishi mwenzake mbele za watu. Akijua kwamba mwenzake ameiba, husema ni mimi niliyeacha mlango wazi. Tunafundishwa hivyo tangu utotoni, na tunapomwona mtu anafanya hivyo tunampenda. Pale nilipokuwa nasema kweli kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, walisikia adabu.

"Tumekuelewa," akasema Pak Giyarto, na wakaondoka.

Nilimwendea Seto mezani kwake. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, likatoka moja tu la kumwomba radhi. Akaniambia nisijali. Nikamuuliza, kwa kuwa ugonjwa wangu haukuwa umepona, kuhusu yule msimamizi wa mkandarasi. Akafuta miwani. Ni shemeji yake, akasema, mume wa dada yake mdogo, na wanakula wali wa pecel kila Jumanne tangu arusi.

Ijumaa nilifika sokoni saa moja na nusu asubuhi na Bude kwenye pikipiki. Meza mbili zilikuwa zimepangwa chini ya hema, ya Nining na ya Seto, na afisa wa halmashauri amekaa katikati na saa yake ya mkononi ameiweka mbele yake. Kwa kuwa majina yao yalikuwa hayajaonekana hadi jana yake, wote arobaini na mmoja walipaswa kutia kidole asubuhi ile ile, na kulikuwa na wachelewaji wengine kama kumi. Kila mtu huchukua dakika tano: kitambulisho, picha, ramani ya kibanda, kidole. Kwa meza mbili muda ulitosha na kubaki.

Kazi ilipoanza saa mbili, foleni yote ilikuwa kwa Nining. Watu hamsini, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka nje ya hema kwenye jua. Mbele ya Seto palikuwa na kiti kitupu. Alikuwa ameshapanga karatasi zake na kufungua kidau cha wino, ameketi wima, na watu walimpita kwa kuinamisha kichwa kidogo na kutabasamu, kama tunavyompita mtu tusiyemtaka.

Bude alikuwa na habari zote, maana usiku nilikuwa nimemwambia, nikilia. Hakunipiga wala kunisuta. Aliitazama foleni, akaitazama ile meza tupu.

"Ni mdomo gani uliokwenda kwa Giyarto?" akauliza. "Huo huo. Nenda nao."

Nilikwenda. Nilianzia mwisho wa foleni, kwa mtu mmoja mmoja. Niliwaeleza kisanduku kitupu, nikawaeleza hoteli, nikawaeleza mstari wa tisa. Wakanisikiliza kwa subira. Mama mmoja wa viungo akanipa peremende ya tangawizi kwa kuwa sauti inakwama. Mwingine akasema mama yangu, Mungu amrehemu, alimzaa binti mwenye moyo. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Saa tatu na nusu Nining alikuwa hajamaliza hata watu ishirini, na nilianza kuhesabu dakika na kuona haziwezi kutosha.

Nikapanda jukwaa dogo la matangazo, nikamnyang'anya Pak Giyarto kipaza sauti alichokuwa akitangazia. Nilisema mbele ya soko zima: mimi, Murniati, mpwa wa Wagirah muuza maua, ndiye niliyewaficha. Nilimsingizia mtu asiye na hatia kwa kuwa sikutaka kutazama kazi yangu mwenyewe. Tafadhali nendeni kwenye meza yake, muda unakwisha.

Wakanipigia makofi. Baadhi ya akina mama walifuta machozi.

Niliposhuka nilikuta Seto amesimama karibu na jukwaa. Alikuwa amekuja kunichukua, kama unavyomchukua mtu aliyelewa.

"Basi, Mbak," akasema polepole. "Kila ukifungua mdomo nazidi kuwa mwizi. Wewe nyamaza tu, huenda wakanisahau."

Sijawahi kuona aibu kama ile, na sitaki kuiona tena.

Bude ndiye aliyejitoa. Alikuwa wa thelathini na kitu kwenye foleni. Alikunja kitambaa chake cha bega, akavuka hema kwa lile goti lake, akaketi kwenye kiti cha mbele ya Seto mbele ya macho ya watu wote. Akataja jina lake, moja. Seto akamtafuta kwenye orodha, akamwonyesha kibanda chake kwenye ramani, akamshika kidole na kukizungusha kwenye wino kwa uangalifu, asimchafue mkono. Bude akasema kwa sauti ya kuuzia maua kwamba amemaliza, na haikuuma. Watu wachache walicheka. Tumini akamfuata, kumsindikiza tu, kisha wawili, kisha baada ya muda wengine watano. Saa tano kasorobo, afisa alipotangaza dakika zilizobaki, woga wa kukosa ukawashinda wengi na foleni ikavunjika. Seto alifanya kazi bila kuinua kichwa.

Sita hawakutoka. Walibaki wamesimama mbele ya Nining, naye machozi yanamtoka huku akipiga picha. Nilimshika mkono mzee wa kwanza miongoni mwao, Mbah Paiman, nikamwambia kiti cha Mas Seto kiko wazi, hatua kumi, ninamwomba, nitambeba akitaka. Alitabasamu na kunipapasa mgongo wa mkono kwa vidole vyake vyenye makovu.

Saa tano afisa alifunga jalada na kulitia kwenye mkoba. Nilimbembeleza, Pak Giyarto alimbembeleza, hata Seto aliinuka kumwomba. Akasema sheria ni ya watu wote, na kuna wengine wanangoja vibanda hivyo. Watu wakaanza kukunja hema.

Mbah Paiman aliinua tundu lake tupu la ndege alilokuwa amekuja nalo kwa ajili ya picha. Hakuwa na hasira. Alinijia pale nilipokuwa nimesimama, akainamisha kichwa kama unavyomwinamia mtu aliyekutendea wema.

"Usilie, Nduk," akasema. "Kibanda kitu gani. Afadhali nikikose kuliko kumpa mwizi kidole changu. Wewe ulituonya mapema, na mimi nakushukuru."

Kisha akavuka barabara na tundu lake, akarudi kuketi juani.